Nilidhani Nimekuwa Sisimizi

Ninyi mliokaa kwenye benchi hii mkisubiri dawa zenu, na wewe mama uliyejifunika kitenge usoni ili usitambulike, nisikilizeni kidogo. Naitwa Papa Furaha, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Ninalima maharagwe na mihogo hapa Nyabiondo, kwenye shamba la wakwe zangu. Lakini nimezaliwa Walikale, msituni, na baba yangu alikuwa mwindaji. Nilijua kutega mitego kabla ya kujua kusoma. Mimi ni mtu mbishi, mke wangu atawaambia, na ubishi huo nusura uniue.

Lazima niwaeleze kwanza kuhusu sisimizi, maana bila yeye hamtaelewa upumbavu wangu. Kule msituni kuna sisimizi wanaoingiwa na uyoga. Baba alinionyesha. Sisimizi anaacha njia ya wenzake, anayumbayumba kama mlevi, anapanda kijiti, na jua likiwa utosini anauma mshipa wa jani na kufia hapo hapo. Baada ya muda shingoni mwake kunachomoza kijiti chembamba. Huo ndio uyoga wenyewe, na unga wake unawaangukia wenzake walio chini. Ndiyo maana wakimtambua mapema wanambeba na kumtupa mbali na nyumba yao. Baba alipomkuta mmoja, tulizunguka, wala hatukutega chini ya mti ule. Alikuwa akisema, "Ule hatembei tena yeye mwenyewe. Iko na kintu inamutembeza."

Ugonjwa wangu ulianza na kichwa, wakati wa kupalilia maharagwe. Nikasema ni malaria. Nikameza dawa za malaria, kichwa kikabaki. Nikameza za maumivu, kichwa kikazidi. Kabla ya hapo nilikuwa nimekonda na ulimi umefunikwa na utando mweupe, lakini nani anamwendea daktari kwa sababu ya ulimi? Wiki ya tatu nilikuwa natapika hata maji. Mwanga wa mlangoni uliniumiza macho. Shingo ilikakamaa, sikuweza kuinama kuvaa viatu. Halafu nikaanza kuona vitu viwili viwili. Niliona wake wawili, na wote wawili walikuwa wakinigombeza.

Siku moja mke wangu, Mama Furaha, alirudi kutoka shambani saa sita mchana. Alinikuta nimepanda juu ya boriti ya jikoni, nimeikumbatia kwa mikono na miguu, meno yameng'ata mti. Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka tu ladha ya masizi mdomoni.

Walinipakia kwenye pikipiki, wakanifunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva, Mama Furaha nyuma akinishikilia. Kila shimo la barabara nililisikia ndani ya ubongo. Tulifika hospitali ya Masisi nikiwa siwezi kutaja jina langu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti lakini si wa kuchezewa. Alipima damu akaniambia waziwazi kwamba nina virusi vya ukimwi. Sitaficha: niliwahi kubeba mawe kwenye machimbo kule Walikale, na huko sikuwa nikilala peke yangu. Kisha akasema lazima anichome sindano mgongoni, atoe maji. Nilikuwa nimesikia kwamba sindano ile inaua. Sikuwa na nguvu za kubisha, na hiyo ndiyo bahati yangu. Maji yalitoka kwa kasi mpaka nesi akashtuka. Na kichwa, ndugu zangu, kichwa kikapungua pale pale, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Kesho yake daktari akaja na majibu.

"Papa, iko kuvu mu kichwa yako," alisema. "Ni ndugu ya uyoga. Imeingia mpaka mu ubongo. Leo tunaanza dawa."

Sikuuliza swali hata moja. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na moyoni nilikuwa nimekwisha kufa. Boriti. Meno kwenye mti. Saa sita mchana. Nilipanga yote kwenye mstari mmoja na yakakaa sawasawa. Hata nafuu ile niliitilia shaka, maana sisimizi naye ana nguvu za kutembea mpaka anapofika kwenye jani lake. Nikawawazia Furaha na wadogo zake wawili wamelala kwenye mkeka mmoja na mimi, na unga unawaangukia.

Nikamwambia mke wangu aende mtoni kufua. Alipoondoka tu, nikavaa shati, nikatoka kwenye geti nikiwa bado na plasta ya sindano mkononi, nikapanda pikipiki. Nilishuka Nyabiondo bila kupita nyumbani, nikachukua nyingine kuelekea Walikale, hadi kwenye kambi ya kuwindia ya kaka yangu, Papa Bahati. Nilifanya kile wanachofanya sisimizi kwa mgonjwa wao. Nilijitupa mwenyewe.

Kaka yangu alilia aliponiona. Nilimwambia asinikaribie.

"Unanichekesha?" alisema. "Wewe ni mudogo wangu."

"Uyoga ya sisimizi imeniingia. Dokta mwenyewe alisema."

Aliamini. Yeye pia ni mtoto wa baba yetu. Tangu hapo aliniwekea chakula kwenye jani la mgomba, akarudi nyuma hatua kumi. Nililala kwenye kibanda cha pembeni, macho kwenye miti, nikingoja nione ni upi utakaoniita. Siku ya pili kichwa kilirudi. Siku ya tatu sikio la kulia lilikufa, halisikii mpaka leo. Niliogopa sana, nasema kweli. Kufa kwenyewe nilikuwa nimekukubali. Lakini kuendeshwa, miguu yangu ikamtii mwingine, hilo nilishindwa kulimeza.

Siku hiyo ya tatu Mama Furaha, aliyepelekewa habari na kaka yangu kupitia dereva wa pikipiki, akatokea kwenye njia ya kambi, matope mpaka magotini, simu mkononi.

"Usisogee!" nikapiga kelele. "Wafikirie batoto!"

Alikuja moja kwa moja akakaa kitandani kwangu. "Nimekulalia ubavuni miezi yote hii. Kama ni unga ya kuanguka, imeshaniangukia. Sikiliza kwanza."

Mtandao kule haupo, lakini alikuwa amerekodi sauti ya daktari kabla ya kuondoka. Akabonyeza. Sauti ile ya upole ikatoka, imekasirika.

"Papa Furaha, mama amenieleza mambo ya sisimizi. Ni kweli, ile uyoga iko. Lakini inajua sisimizi yake tu, hata sisimizi ya aina ingine inaishinda. Mwili ya muntu iko na moto mingi, haiwezi kuishi ndani. Wewe na papa yako mulipita mu ile pori miaka yote. Nani alipanda muti? Ya kwako ni ingine. Inatoka mu udongo na mu mavi ya ndege, kila muntu anaivuta, na mwili inaifukuza. Ya kwako ilishindwa kuifukuza juu ya VIH, ile virusi ya ukimwi. Haiko na akili, Papa. Haikutumi popote. Inajaza maji mu kichwa, maji inakamua ubongo, njo maana unachanganyikiwa. Nitatoa maji, nitakupa dawa. Lakini ukibaki kule, utakufa. Rudi leo."

Mbishi ni mbishi. Nikamwambia mke wangu kwamba daktari hajawahi kuishi msituni.

Mama Furaha akasimama mlangoni. Hakupandisha sauti. "Sawa. Kama iko inakutawala, haitakubali utoke hapa. Simama basi. Tuone nani anatawala."

Niliangalia miguu yangu. Ilikuwa miembamba. Niliiambia isimame, na ikasimama. Niliiambia itembee, ikatembea hatua tatu kuelekea kwa mke wangu, kisha nikaanguka kifuani pake nikilia kama mtoto. Kaka yangu alivuka zile hatua kumi, akanibeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitalini mambo hayakuwa rahisi. Dawa ya dripu ilinitetemesha mpaka kitanda kikagonga ukuta, nesi alinifunika mablanketi matatu. Walinitoa maji mgongoni siku baada ya siku, na sikuwahi tena kuiogopa sindano ile, niliingoja kwa hamu. Baada ya dripu vikaja vidonge, na wiki kadhaa baadaye dawa za virusi. Mama Furaha alipimwa, naye ana virusi. Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Kwa mwezi mzima alinipa chakula bila kunisemesha. Watoto wako wazima, namshukuru Mungu. Namshukuru na daktari, na kaka yangu, na mwanamke huyu ambaye kila siku saa moja asubuhi ananiwekea kidonge mkononi, anaweka cha kwake mdomoni, na kunitazama mpaka nimeze. Kama kuna anayenitawala, ni yeye.

Ninyi wa benchi, ulimi ukiwa mweupe, njoo. Kichwa kikikataa dawa za malaria, njoo. Ukichelewa kuanza dawa za virusi, hata kuvu la njiani linakuona nyumba iliyo wazi. Na daktari akisema neno likakuogopesha, usitikise kichwa kama mimi. Muulize.

Juzi nilikwenda kumtembelea kaka. Kwenye njia ya kambi nikamkuta sisimizi ameuma jani, kijiti kimemtoka shingoni. Nikasimama. Najua yote niliyowaambia, lakini jasho lilinitoka. Halafu nikamwonea huruma. Yeye kweli aliendeshwa, na hakukuwa na mtu wa kumfuata kwenye matope amwambie asimame.

Mama wa kitenge, daktari yuko ndani. Simama, twende nikusindikize.