Madebe ya Wakio

Kule Kishushe walimwita Mama Debe, na hakuna aliyemwita hivyo kwa heshima. Jina lake hasa lilikuwa Wakio, mke wa Danson, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza na mkono wa kushoto uliopinda kwenye kiwiko. Watu waliujua mkono ule ulivyopinda. Kilichowashinda kuelewa ni madebe, kwa sababu wengi wao hawakuwepo mwambani mwaka wa sitini na moja.

Wakio alikuwepo. Alikuwa msichana tu wakati ule. Ukame ulikuwa umeshawatafuna watu na ng'ombe, kisha mbingu zikapasuka, na mto ambao ulikuwa mchanga mtupu ukaja na kubeba nyumba yao kama mtu abebavyo kikapu. Baba yake alinyakua gunia la mahindi, mama yake akamnyakua Noah, mtoto wa mwisho, wakapanda mwambani. Basi wakakaa huko juu na gunia lao, mvua ikinyesha bila huruma. Mahindi yalikuwepo. Moto ndio haukuwepo: kuni zimelowa, kiberiti kimegeuka uji. Mama alitafuna yale mahindi makavu ili amtemee mtoto mdomoni, jino likavunjika, fizi zikachanika, na Noah akameza mahindi na damu ya mamake, akayatapika yote. Alikuwa akitetemeka. Kisha akaacha kutetemeka, na baada ya hapo hakuishi sana. Alikufa kichwa chake kikiwa juu ya gunia. Baba yake alichukua fimbo akalipiga gunia lile mpaka likapasuka, akilitukana kama mwizi aliyeshikwa, na mahindi yakamwagika majini.

Wakio aliolewa papo hapo Kishushe, na Danson alipomuuliza anataka nyumba ijengwe wapi, alionyesha chini ya mwamba ule ule.

Kila mwaka kabla ya vuli alianza kazi yake. Mahindi aliyakaanga chunguni mpaka yakanukia, akayasaga, akatia sukari na chumvi kidogo; unga wa namna hiyo hauhitaji moto tena, unaukoroga kwa maji baridi au unaubwia mkavu. Viazi vitamu alivichemsha, akavikata, akavianika mpaka vikagongana kama vigae. Mambo ya nyama alifundishwa na jirani yake Katuku, mwanamke wa Kikamba aliyehamia na mizinga yake ya nyuki kutoka Kitui: ikatwe nyembamba, ianikwe, ikaangwe mpaka lisibaki tone la maji, kisha ilazwe ndani ya asali. Vyote viliingia kwenye madebe, vifuniko vikazibwa kwa nta, na madebe yakapandishwa kwenye pango dogo juu ya mwamba, mlango wake ukajengewa mawe. Vya mwaka uliopita vililiwa nyumbani. Akiba haiozi, wanasema. Ya Wakio haikupewa hata nafasi ya kujaribu.

"Mama Debe, mafuriko yako yamekwama wapi?" watu walimtania, jua likiwachoma visogo.

Mwaka wa sabini na tano hakuna aliyetania. Mvua ilikuwa imekosa, ikakosa tena. Obadiah, mdogo wake Danson, alikuwa mchungaji wa kujivunia, mtu wa kupiga mluzi mbele ya ng'ombe wake; sasa alishinda akichuna ngozi za mizoga. Alikuwa na mke, Elsie, na watoto wawili wa kike, Wakesho na Susan. Danson alifanya kazi ya reli huko Voi na alituma unga alipoweza. Wakio aliugawa, tusimsingizie. Lakini pango hakufungua.

"Hiyo si ya jua, shemeji," alimwambia Obadiah kila alipoomba. "Ni ya maji."

Hapo ndipo mimi humlaumu. Ungemwona alivyosimama mbele ya mawe yale, ungedhani analinda kaburi.

Wakesho alishikwa na surua. Mtoto aliyeshiba hupambana na surua. Huyu hakuwa na nguvu za kupambana. Walimzika asubuhi, na jioni ile ile Obadiah alipanda mwambani na rungu mkononi.

"Shemeji, fungua pango."

"Rudi nyumbani, Obadiah. Una msiba."

"Msiba umeufungia wewe ndani ya debe!"

Rungu lilishuka kwenye kiwiko, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Wakio hakuanguka. Panga lake la kukatia kuni lilikuwa limelala karibu, akaliokota kwa mkono wa kulia, na Obadiah alipoinua rungu mara ya pili alimkata. Kidole cha mwisho na kile cha kando yake vilidondoka juu ya jiwe. Kuku mmoja, njaa imemtoa akili, alikimbilia kuvidonoa, na Elsie aliyekuwa akipanda mbio alimpiga teke akipiga mayowe. Alimfunga mumewe mkono kwa leso. Obadiah alibomoa mawe kwa ule mkono mzima, akachukua debe moja, akateremka nalo damu ikichuruzika juu ya nta.

Wazee waliwaita. Kwa Wadawida, ndio Wataita, hasira iliyokaa moyoni si siri ya mwenyewe; hutoka ikamdhuru hata mtu usiyemkusudia, na chakula kinachotolewa na mkono wa mwenye hasira ni cha kuogopwa kuliko sumu. Dawa yake ni kutasa. Unapiga funda la maji au la pombe ya miwa, unalitema kwa kulinyunyiza, na kwa kila funda unasema kilichomo moyoni mpaka kiishe. Ukisema uongo, umejiongezea. Wakio alipewa maji. Alipiga funda, akamtazama Obadiah, mkono wake mwenyewe umefungiwa kwenye vipande vya mti, akayameza. Obadiah alicheka, akainuka akaenda zake. Mchungaji wa kanisa naye alijaribu kwa sala, na kila mmoja akaitikia amina akitazama upande wake.

Hivyo walikaa zaidi ya miaka miwili, wakipishana njiani kama watu wasio na macho.

Tufani ilikuja mchana, mwishoni mwa sabini na saba. Mawingu yalijikusanya juu ya vilima mpaka vilima vikapotea, na Wakio hakungoja kuambiwa; alimshika Katuku wakapanda. Upepo uling'oa mabati ya nyumba ya Katuku moja baada ya jingine, na bati moja lilimpita punda aliyefungwa uani likamkata shingo. Kisha korongo likanguruma. Maji yalishuka na mawe, na magogo, na ng'ombe wanaolia, yakapiga nyumba ya Wakio ukuta ukalala. Kule chini, Obadiah alikuwa akivuka korongo kuja mwambani, Susan shingoni, Elsie ameshikilia mkanda wake. Gogo lilimgonga Elsie kiunoni akazama. Obadiah alimdaka kwa nywele, kwa vile vidole vitatu vilivyobaki, akamburuta, maji yakimpiga usoni asiweze hata kupiga kelele.

Wakio alirusha kamba ya Katuku ya kurinia asali. Ncha nyingine akaizungusha kiunoni mwake, Katuku akashika nyuma, wakavuta mpaka ngozi za viganja zikachubuka. Hakufikiri. Angefikiri, nani ajuaye.

Mvua haikukoma siku ile, wala kesho yake. Moto ulikuwa ndoto. Elsie alitapika maji yenye damu, na Susan, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu kabla ya tufani, alitetemeka mpaka meno yakagongana. Wakio alibomoa mawe, akapasua nta kwa kisu, akatoa kipande cha nyama kinachodondoka asali, akamtia mtoto mkononi.

Obadiah alikipiga kofi. Nyama ikaruka ikatumbukia majini.

"Usile! Huyu hajatasa."

"Wewe!" Katuku alifoka. "Mtoto anakufa, na nyinyi Wataita mnaniletea mambo ya kutema mate?"

"Kula wewe, mama. Hasira yake haikujui. Sisi inatujua."

Katuku alikula, akisonya. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, hawakumjua Obadiah. Lakini ukweli ni kwamba hata Wakio hakumwona mjinga. Yeye mwenyewe alikiogopa kile chakula mkononi mwake, maana alijua alichokuwa nacho moyoni.

"Dada, tasa," Elsie alimsihi. "Nakuomba tu, tasa."

Wakio alichota maji ya mvua kwenye shimo la mwamba, akapiga funda, akanyunyiza.

"Sina hasira na..."

"Uongo," alisema Obadiah, akamvuta Susan nyuma yake.

Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka rangi ya majivu. Na hapo Wakio akaona jambo ambalo wengine waliliona wakashukuru: Susan ameacha kutetemeka. Alikuwa ameliona jambo hilo mara moja maishani mwake, juu ya mwamba huo huo.

Alimrukia Obadiah. Alimpiga kwa kifuniko cha debe, usoni, kwenye pua, kwenye meno, akipiga kelele zisizo na neno, na damu ikamtapakaa yule mwanamume mpaka kidevuni. Obadiah hakuinua mkono.

"Piga," alisema. "Alikufa na debe limejaa, shemeji. Wewe piga."

Kifuniko kilimdondoka Wakio. Aliinama akachota maji.

"Nakuchukia, Obadiah," alisema, akanyunyiza. "Mkono huu huniuma kila baridi ikija, na kila ukiuma nakuombea kifo." Akapiga funda jingine, akanyunyiza. "Nilimnyima Wakesho. Nilikuwa namwekea Noah, na Noah alikufa zamani. Nilimwekea maiti, nikamnyima mtoto mzima." Alikuwa akilia kwa sauti sasa, maji na makamasi na mvua vikichanganyika. "Imetoka. Haijabaki nyingine. Nawe toa yako, haraka, mtoto anakwenda!"

Obadiah alipiga funda, akalitema jekundu.

"Nilikuvunja kwa sababu surua haina mkono wa kuvunjwa," alisema. Akanyunyiza tena, na safari hii hakumtazama mkewe. "Ulimletea uji. Siku ile ameanza kuumwa ulileta uji wa mtama, nikaumwaga. Nilisema kama si debe, sitaki. Elsie hajui. Nilimwambia kwamba mtoto amekataa."

Elsie aligeuza uso wake polepole akamtazama. Alimnyang'anya Wakio kisu, akafungua debe la unga, akakoroga unga na maji ya mvua kiganjani, akampanua Susan mdomo kwa kidole akamtia. Mtoto alikohoa. Unga ukarudi, Elsie akautia tena. Susan akameza, na wote wakangoja. Hakutapika. Baada ya muda alianza kutetemeka upya, akafungua mdomo mwenyewe, na Elsie akaendelea kumlisha.

Obadiah ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alinyoosha mkono wake kwa Wakio, ule uliokatwa, kichwa ameinamisha. Wakio alimmiminia unga. Ulijaa kiganjani, ukaanza kuvuja pale ambapo vidole viwili havikuwepo, ukidondoka kwenye maji ya mwamba. Wakio alitazama unavyomwagika. Kisha akapeleka mkono wake uliopinda, akaukinga chini ya ule wa Obadiah, akaushikilia hapo mpaka alipomaliza kula.