Kuna mtu kanitangulia kwenye boksi la fyuzi

Jamani, leo nimeogopa gari langu mwenyewe.

Nilikuwa nafunga kamera ya dashibodi hapa parking ya ghorofa letu, Etobicoke, huku ughaibuni. Sikutaka kukata waya za gari, nikaenda kuchukua umeme kwenye boksi la fyuzi.

Nakuta kuna mtu ameshachukua palepale. Hakukata hata waya mmoja. Kazi safi kabisa.

Nikaufuata waya wake hadi chini ya kiti. Kijiboksi, taa ya kijani, kitundu cha maiki.

Nikachomoa.

Simu ikalia. Meseji ya yule mzungu aliyetuuzia gari, ambaye mimi na mke wangu tulimsengenya kwa Kiswahili mbele yake huku tukitabasamu:

“Pole na kazi, kaka. Mbona umechomoa?”

Nimjibu kwa lugha gani?