Vumbi la Pamba Nalo ni Pamba

Mwaka ule watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, Bariadi ilipata viwanda vipya vya kuichambua, na Ndaki akapata ulinzi katika kimojawapo. Alivyotembea na kofia yake ya ulinzi, ungedhani tajiri ndiye mlinzi wake.

Tajiri alipohama ofisi alimwachia mashine ya kusafisha hewa, na chujio moja jipya ndani ya nailoni. Ndaki akaibeba kichwani akapita nayo sokoni, ingawa njia ya kwake haipiti sokoni. Lakini kuitaka mashine alikuwa na sababu. Mpwa wake Benadetha, aliyetoka Mwamapalala kuja kusoma kwake, alikuwa na pumu, na mama yake alishasema: akibanwa tena anarudi kijijini, shule basi.

Chujio la zamani lilikuwa limeota manyoya ya kijivu. Mkewe, Nyamizi, akauliza, "Baba Jilala, takataka hiyo unaipeleka wapi?"

"Takataka gani, mayu? Vumbi la pamba nalo ni pamba. Nalikung'uta, linakuwa jipya, na lile la nailoni tunaliweka akiba."

Akalipiga ukutani, palepale mlangoni. Ndani, Benadetha akakohoa, kisha kifua kikaanza kupiga mluzi. Nyamizi akamtoa kwa mlango wa uani, akampa dawa yake ya kuvuta, akamshika mpaka pumzi ikarudi. Ndaki amesimama na chujio lake, kofia upande.

"Si wewe bingwa wa kupiga dawa mashamba ya pamba kule Migato?" Nyamizi akamuuliza. "Shambani unasimama upepo ukikujia usoni?"

"Unatoka mgongoni," akajibu kinyonge. "Na pua umeifunga."

"Basi vumbi hilo nalo lina dawa. Pamba yenu imeinywa tangu shambani."

Kumbe kazi aliijua! Akaenda mbali nyuma ya choo, akaupa upepo mgongo, akafunga pua, akavaa nailoni mikononi. Akalinyunyizia chujio maji, vumbi lisipande, akalitia kwenye mfuko polepole, akafunga fundo, akalifukia. Mashine akaipangusa kwa kitambaa kibichi, akaoga, akabadili shati, ndipo akaweka chujio jipya.

Jumamosi dada yake Debora, mama wa Benadetha, akafika. Habari za mtoto kubanwa alishazipata, na kapu la kubebea nguo za binti alikuja nalo. Akaweka sikio mgongoni kwa Benadetha, akasikiliza weee.

"Hakuna mluzi," akasema. "Nani kaweza hili?"

Ndaki akafungua mdomo. Nyamizi akamtazama.

"Wifi yako," akasema Ndaki. "Ila kufukia nilifukia mimi."

Debora akacheka, akalisukuma kapu chini ya kitanda. "Haya, kaka. Abaki amalize la saba."