Nilisema sauti ya dada yangu imechoka, kumbe ni crossover niliyounda mwenyewe

Wakuu, habari za mchana. Vijana, marahaba kabla hamjaniamkia, maana humu wengi wenu ni sawa na wanangu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na mahali nilipokosea nitapataja bila kujipendelea. Nilianza kwa kutafuta software ya kuchora spika kabla ya kuziunda. Nikakuta jambo lingine kabisa.

Mimi ni fundi spika hapa Korogwe. Nilisoma hadi kidato cha nne, ufundi nikaupata kwa kutazama wengine.

Kwa miaka yote ya kazi yangu, crossover yangu ilikuwa moja, niliyoinakili kutoka ndani ya spika chakavu ya ukumbi wa muziki. Kapasita ile ile, koili ile ile, hata woofer iwe ya aina gani. (Kwa msiojua, crossover ni sakiti ndogo ndani ya boksi inayogawa sauti: nzito ziende kwenye woofer, nyembamba ziende kwenye tweeter.)

Miaka tisa iliyopita nilitengeneza spika mbili za kanisa moja kule Mazingara, Handeni. Dada yangu Eliza, tuliyezaliwa naye tumbo moja, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za kwaya yao.

Besi ilitikisa madirisha, nikafurahi. Lakini Eliza akiimba, watu walilalamika kwamba hawasikii maneno. Wazee wa kanisa wakaniita. Nikasema mbele yao, na yeye amesimama pale pale:

"Spika ni nzima. Sauti ya Eliza ndiyo imechoka."

Eliza aliweka maiki mezani, na Jumapili iliyofuata akakaa benchi la nyuma. Hakuongoza wimbo tena. Salamu zetu zikabaki za misibani tu.

Sasa turudi kwenye software.

Nina rafiki anaitwa Rashidi, fundi umeme mstaafu, anakaa Hale. Mwaka huu alikuja na laptop yake akaniambia, "Mzee mwenzangu, wewe unakata mbao kwanza ndipo usikilize. Wenzako siku hizi wanaona kwanza."

Nikamcheka. Lakini tukakaa.

Tulianza na programu iitwayo WinISD. Ni nzuri kwa kujua ukubwa wa boksi na tundu lake la hewa, ila mimi nilitaka kuona crossover. XSim ikaturuhusu kuchora sakiti, na ni nyepesi, hata mimi niliielewa siku hiyo hiyo. Mwisho tukabaki na VituixCAD, kwa sababu inahesabu hata upana wa ubao wa mbele na umbali kati ya woofer na tweeter. Mwanzoni ni ngumu, siwafichi. Tena inataka upime spika zako kwa maiki. Ukiipa vipimo vya kubahatisha, itakuchorea bahati nasibu.

Rashidi akasema tuijaribu kwa spika ninayoijua. Nikachagua zile za kanisani, kwa kujivuna, maana niliziona ndiyo kazi yangu bora. Dukani nilikuwa na boksi la tatu la aina ile ile, lililobaki. Tukapima woofer peke yake, tweeter peke yake, nikachora sakiti yangu ya miaka yote.

Wakuu, mstari wa grafu ya sauti ulitoka kushoto vizuri, ukafika katikati ukaanguka kama ng'ombe aliyetumbukia korongoni. Ukapanda tena ng'ambo.

"Hapo ni wapi?"

"Karibu hertz elfu mbili," Rashidi akasema. "Hapo ndipo maneno ya mwimbaji yanapoeleweka."

"Programu yako ina wazimu."

"Haya, tupime boksi lenyewe tuone mwenye wazimu."

Tukapima. Mstari wa kweli ukalala juu ya ule wa kuchorwa, shimo pale pale.

Rashidi akaniambia nigeuze nyaya za tweeter ndani ya programu, chanya iwe hasi. Nikabonyeza mara moja. Shimo likajaa. Kumbe woofer ikisukuma hewa, tweeter ilikuwa inaivuta, zinauana pale zinapokutana.

Nimefanya kazi hii hadi mvi na sikuwahi kuiona sauti kwa macho. Mashine ilijua kitakachosikika kabla sijagusa waya hata mmoja. Nilivua kofia, sijui kwa nini. Tukageuza nyaya za boksi halisi, tukapima, ikawa vile vile ilivyosema.

Ndipo nikamkumbuka Eliza. Nyaya mbili tu.

Nilimkuta kwake Mazingara akipukuchua mahindi. Nikamweleza yote. Mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo nilikuwa naimba?"

"Ulikuwa unaimba, dada. Mimi ndiye nilikuwa nakuzima."

"Mimi nilijua, kaka. Ulisema kwa wazee. Kawaambie wao."

Jumamosi niligeuza nyaya kanisani. Jumapili nikasimama mbele ya watu wote nikakiri. Mzee mmoja akauliza, "Fundi, nyaya mbili ndizo zimekuchukua miaka tisa?" Kanisa likacheka, na nilistahili.

Eliza akatoka benchi la nyuma. Aligonga maiki, akaimba ubeti mmoja. Nikiwa mlangoni nilisikia kila neno.

Sauti yake sasa imezeeka kweli. Ile ya miaka tisa iliyopita hakuna programu ya kuirudisha.

Nilichojifunza: pima kazi yako kabla hujamlaumu mtu. Na ukimlaumu hadharani, kaombe radhi hadharani.

Wenye uzoefu na VituixCAD, nisaidieni jambo moja. Tulipotoka nje Eliza aliniambia, "Kaka, besi bado imezidi." Nimeangalia grafu, kweli imezidi. Niipunguzeje bila kuunda boksi jipya? Safari hii nataka kumjibu kabla ya Jumapili.