Hekalu la Watu wa Mlimani

Ubwa ni fundi wa viyoyozi, mkaazi wa Kiembe Samaki, na mtu asiyejua kusema "sijui". Mchana anapanda ngazi za hoteli za Mji Mkongwe na mtungi wa gesi begani. Jioni anavua ovaroli, anakaa mbele ya kompyuta, na anakuwa mchumi wa mataifa yasiyokuwepo duniani.

Mchezo wenyewe ni wa vita na miungu ya hadithi za kale. Mataifa ni matatu. Watu wa Mtoni hujenga bila mbao, ila polepole mpaka unachoka kuwatazama. Watu wa Kaskazini huburuta ghala lao kwa gari la ng'ombe hadi msituni, na mungu wao huridhika wakipigana tu. Watu wa Mlimani huvuna haraka, lakini majitu yao ya vita hayaji bila radhi ya miungu, na radhi hiyo hupatikana kwa kuwaweka wafanyakazi hekaluni wasujudu.

Ubwa alilinganisha uchumi wa mataifa hayo kwenye video zake za mtandaoni, na vijana wa Unguja wakamsikiliza kama mwalimu. Hukumu yake: hekalu ni hasara, mfanyakazi aliyepiga magoti hakati kuni. Ushahidi hakuwa nao. Siku alipolijenga mara ya kwanza, vile vijitu vya wafanyakazi vilianguka kusujudu mbele ya sanamu, mkewe Rukaiya akaingia na chai, na Ubwa, aliyekuwa ndiyo kwanza katoka msikitini, akazima kompyuta kwa pupa. Alishikwa na haya, na hakulijaribu tena.

Mtu ana haki ya kuchunga dini yake hata mchezoni. Angesema hivyo, nani angemcheka? Lakini mchumi mzima aseme anaona haya! Akaivika haya yake nguo za hesabu na kuitoa hadharani.

Aliyemwamini kuliko wote ni Yusra, binti wa dada yake. Alifanya mazoezi mwaka mzima na Watu wa Mlimani, bila hekalu, kama alivyofundishwa. Mshindi wa Unguja angekwenda Dar es Salaam kwenye mashindano makubwa, na baba yake Yusra, mtu mgumu, alikuwa amekubali kwa shingo upande: akishinda aende, akishindwa michezo hiyo basi.

Fainali ilichezwa Malindi, kwenye ukumbi wa ghorofani, nami, rafiki yake, nilikaa ubavuni mwa Ubwa. Mpinzani alikuwa Zakir, kijana wa duka la vitambaa, naye kachagua Watu wa Mlimani vilevile. Mwanzoni Yusra alimwacha mbali kwa kuni na dhahabu.

"Unaona?" Ubwa alinipiga kiwiko. "Nshasema mie."

Halafu majitu ya Zakir yakaja. Kuta za Yusra zilivunjwa moja baada ya moja, na ghala lake limejaa mali isiyoweza kununua hata jitu moja. Alipigana mpaka nyumba ya mwisho.

Zakir aliuliza kwa adabu tu, "Dada, hekaluni uliweka wangapi?"

"Sina hekalu. Mjomba kasema hasara."

Ukumbi mzima ukamgeukia Ubwa. Akainama eti anafunga kamba za viatu, na mguuni kavaa makubadhi yasiyo na kamba. Mimi nilisogeza kiti kidogo, nisionekane naye. Sijivunii hilo.

Yusra alimkuta Ubwa chini ya ngazi za ukumbi.

"Mjomba."

"Naam."

"Ulilijaribu lile hekalu?"

Ubwa alitazama sakafu. "Sikulijaribu, mwanangu. Nliona haya. Wanasujudia sanamu."

"Basi si ungenambia? Haya hiyo hata mie ninayo. Ningechukua Watu wa Kaskazini." "Mwaka mzima n'kishindwa na majitu mazoezini, nikidhani mjinga mie."

Simu ya Yusra ikaita, baba yake anataka matokeo. Ubwa akanyoosha mkono.

"Nipe nimwambie mimi."

Yusra akampa mgongo. "Nshashindwa, baba," alisema simuni. "Hapana, Mjomba kanfundisha vizuri. Mie ndiye niliyekosea."

Ubwa alisikia kila neno. Alibaki pale chini ya ngazi, na watu wakawa wanateremka, wanampita.