Nyumba ya Karatasi Niliyomnunulia Dada

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilitoka duka la jumla la Wachina mikono mitupu, na wanaonijua hapa Jeppestown, Johannesburg, wakisikia hivyo watauliza kama naumwa. Mimi nauza viatu vya watoto, napanga bidhaa zangu barabarani karibu na robot, yaani taa za magari, na kila Jumatatu nakwenda kuvutana bei na mama mmoja muuzaji ambaye kwa miaka sita hajawahi kunichekea. Siku hiyo tulikuwa katikati ya mvutano. Mimi nimeshavaa uso wa msiba, yeye ameshavaa uso wa ukuta.

"Bei ya mwisho," akasema.

"Ya mwisho ya jana au ya leo?"

Akainama kutafuta kikokotoo chini ya meza, na alipoinama nikaona, kwenye rafu nyuma yake, shati la karatasi. Shati jeupe na tai yake, limekunjwa ndani ya nailoni kama shati la kweli. Kando yake kulikuwa na viatu vya karatasi, saizi ya mtoto wa miaka sita. Saizi za watoto huwa sikosei.

"Hivyo si vya kwako," akasema, ingawa sikuwa nimeuliza.

Nikaviangalia mara ya pili, nikachukua mfuko wangu mtupu, nikaondoka. Njia nzima pua yangu ilikuwa na harufu ya karatasi inayoungua, na hakuna aliyekuwa anachoma kitu.

Nilikuwa na miaka tisa Papa alipotuita Guangzhou, China, kutoka Bukavu, Kongo. Kazi yake ilikuwa kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu na kuipakia kwenye makontena. Tulikwenda Mama, mimi, na dada yangu mdogo aliyekuwa na miaka mitano. Jengo letu lilikuwa refu na la rangi ya chai ya maziwa, nasi tulikaa ghorofa ya nane. Kwenye lifti, baada ya kitufe cha tatu kilifuata cha tano. Wenyeji waliiogopa nne kwa sababu kwao hutamkwa karibu sawa na kifo. Mimi nilipanda ngazi kwa miguu nikihesabu, nikashuka nikihesabu tena, kisha nikamwambia Papa kwamba tunalipishwa ghorofa ya nane na kumbe tunakaa ya saba. Papa alinicheka wiki nzima.

Nikikumbuka jengo lile nakumbuka kwanza sauti. Mchana kutwa wazee walicheza mchezo wao wa vigae, na vigae vilivyogongana mezani vilisikika kama mtu anayeosha sahani zisizokwisha. Soseji za nyama zilining'inia kwenye vibaraza, zikikaushwa bega kwa bega na chupi za watu. Mama alipika matembele akijifanya ni sombe, majani ya muhogo ya kwetu, akasonga fufu, ugali wetu, kwa unga ambao mpaka leo sijui ulikuwa wa nini. Kazi yangu ilikuwa kuanika nguo kwa fimbo ndefu, na kwenda sokoni kupatana bei, maana nilishika namba zao kabla ya mtu yeyote nyumbani. Wauza mboga waliniita "bosi mdogo". Nilikuwa nikidhani ni sifa.

Mlango wa pili alikaa bibi jirani, mzee wa meno manne, mwanamke aliyetuletea mayai ya chumvi na kurudishiwa bakuli lenye maandazi. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yetu naye, bakuli kwenda na bakuli kurudi. Maneno niliyabeba mimi.

Kila tulipoingia kwenye lifti Mama alituhesabu. "Mmoja, wawili," akigusa vichwa vyetu, kisha mkono wake ulibaki hewani kidogo, juu ya mahali pasipo na mtu, na midomo ilicheza bila sauti. Ndipo alipobonyeza kitufe.

"Mama, wa tatu nani?" nilimuuliza siku moja.

"Nahesabu mfuko."

Siku hiyo hatukuwa na mfuko.

Ulipofika mwaka wetu wa pili, dada alikuwa anakaribia miaka sita na alitaka nyumba ya kuchezea, ile ya wanasesere, aliyoiona dirishani mwa duka la matajiri. Mama alinipa pesa kiasi chake, akasema nitafute. Ulikuwa msimu ambao mji ule hutoa jasho. Kuta zililia maji, vioo vilifunikwa na ukungu, na vigae vya sakafuni vililowa hata ukivipiga deki mara mbili. Nguo hazikauki, mkate unaota nywele. Na katika msimu huohuo, kwenye uchochoro nyuma ya soko, zilitokea nyumba.

Nakwambia zilikuwa nzuri. Nyumba za karatasi na vijiti, za ghorofa mbili, zenye geti la dhahabu, gari jekundu uani, friji jikoni, na watumishi wawili waliosimama mlangoni wakitabasamu. Dada alinishika shati kwa nguvu mpaka likaninyonga.

"Ni ya nani?" mzee wa duka akaniuliza.

"Ya huyu," nikasema, nikamwonyesha dada.

Mzee akamwangalia dada, kisha akatikisa kichwa na kuisogeza nyumba ndani zaidi. Hapo ndipo nilipokosea. Mtoto mwingine yeyote angeelewa kwamba amekataliwa. Mimi nilikuwa mtu wa soko. Niliona muuzaji anayevuta bei. Nikageuka, nikatembea hatua kumi za kujifanya sitaki, nikisubiri aniite. Hakuita. Nikarudi, nikataja nusu ya bei. Akakubali bila kuinua macho, akachukua pesa kwa ncha za vidole, akatugeuzia mgongo. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mbunge.

Mlangoni mwa nyumba ile palikuwa na kijikaratasi cha njano, kitupu, cha kuandikia jina. Tuliona ni kama jalada la daftari: jina, darasa, basi. Dada alikuwa amejifunza kuandika jina lake mwezi huohuo, na aliliandika kwa kalamu ya wino, ulimi nje, herufi sita zilizopanda mlima.

Mama aliporudi akalisoma. "Nyumba nzuri," akasema, akaingia jikoni. Hakuuliza bei. Ningekuwa na akili, hapo ningeogopa.

Dada akaanza kuhamia. Aliingiza vifungo, kibanio cha nywele, na jino lake la kwanza kung'oka. Alilala kifudifudi mbele ya dirisha la karatasi, akinong'ona, akinyamaza kama anayesikiliza, akinong'ona tena.

"Yaya," akaniambia, maana kwetu mkubwa wako unamwita yaya, "mwenyewe amesema kitanda nisiguse."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye jina."

"Mwenye jina si wewe?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa leo na wateja wanaojua bei halisi.

Siku iliyofuata, baada ya usingizi wa mchana, nilikuta nyayo sakafuni. Kwenye vigae vile vilivyolowa zilionekana wazi, nyayo ndogo za mguu mtupu, kutoka kwenye godoro la dada mpaka mbele ya geti la dhahabu. Pale zikaisha. Nilizihesabu: kumi na tatu. Nikazihesabu tena. Za kurudi hazikuwepo. Dada alikuwa godoroni amelala, na nilipomgusa nyayo zilikuwa kavu, na zilichoma kwa homa. Nikaweka mguu wake karibu na alama. Leo ningekwambia kwa saizi: dada alivaa kumi na moja, alama ile ilikuwa tisa, ya mtoto wa miaka minne. Maji hula alama, najua, nimejiambia hivyo miaka mingi.

Papa alikuwa mji mwingine, anapakia kontena. Mama akanunua dawa duka la dawa, akampa, akamkanda kwa kitambaa, akaomba kwa sauti. Homa ikapanda. Siku ya pili dada hakutaka maji, na aliongea na upande wa ukuta ilipokuwa nyumba. Mama akatoka kibarazani na kuniita. "Huyu akienda," akasema, "mimi sirudi Bukavu kuzika mara ya pili." Sikuelewa hiyo mara ya pili.

Bibi jirani aliingia na bakuli la uji. Aliona nyumba kabla ya kumwona mgonjwa. Uji ukamwagika. Akaonyesha nyumba, akaonyesha mlango, akafanya vidole vyake viwe moto.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anasema nyumba ichomwe."

"Nyumba yetu? Mwambie sisi ni wageni hapa, lakini si kuni!"

"Ile ya karatasi, Mama."

Bibi akapiga magoti mbele ya kijikaratasi cha njano. Herufi zetu hakuzijua, lakini wino aliuona. Akaniuliza jina la nani. Nikamwonyesha dada. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, kisha akaniambia polepole, kama anayehesabu chenji, na mimi nikamfasiria Mama: nyumba hizi ni za waliokufa. Huwa zinachomwa ili ziwafikie. Jina la mlangoni ni la mpokeaji. Nani ameandika jina la mtoto aliye hai?

Mama akakaa sakafuni kwenye maji.

"Mwulize," akasema, "kama jina lina watu wawili, inakuwaje."

Na hapo, mbele ya mgeni, akiniangalia mimi, akasema jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa limewahi kusemwa. Kabla yangu alizaliwa msichana. Alikufa Bukavu, mimi nikiwa bado nanyonya, akiwa na miaka minne. Dada yangu alipozaliwa walimpa jina lilelile, kama watu wa kwetu wengi wanavyofanya, jina lisikae bure.

Nilifasiri. Sikujua maneno yote, ilibidi mengine niyafanye kwa mikono. Bibi alinyoosha vidole vitatu, akakunja kimoja, akafikiri.

"Basi nyumba ina mwenyewe," akasema. "Mpeni. Lakini mwandikeni vizuri, asije akakosea mtoto."

Mama alikuwa mtu wa kanisa, wa mfungo wa siku tatu na kwaya. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika. "Nitamwambia nini mchungaji?"

"Usimwambie," nikasema.

Alinyanyua mkono kunizaba kofi, na mkono uleule ukashuka ukaandika. Chini ya jina aliandika: wa kwanza. Akaona haitoshi. Akaandika: wa Bukavu. Akaandika miaka minne, akaandika jina la baba, jina la mtaa, rangi ya gauni alilozikwa nalo. Kijikaratasi kikajaa, akaendelea kuandika ukutani mwa nyumba, kuzunguka madirisha, akilia, mpaka kalamu ikakwaruza tu.

Tulichomea chini ya jengo, ukingoni mwa barabara, jua likiwa bado lipo, ndani ya ndoo ya bati aliyoileta bibi. Wengine walikuwa wakichoma vyao kando yetu, hakuna aliyetushangaa. Mama alimbeba dada mgongoni kwa kitenge. Niliingiza mkono kutoa vifungo na kile kibanio.

"Acha," dada akasema kutoka mgongoni, sauti kavu. "Ni vyake. Na jina nimempa."

"Umempa nini?" Mama akauliza.

"Jina. Yeye ndiye aliyeanza nalo."

Nyumba iliungua upesi kuliko nilivyotarajia kwa bei ile. Lilitangulia gari, ikafuata ghorofa ya juu. Watumishi walitabasamu mpaka mwisho.

Asubuhi homa ilishuka. Dawa ya dukani alikuwa ameinywa pia, kwa hiyo mimi huwagawia sifa nusu kwa nusu, dawa na ndoo. Dada akaomba chai. Na tuliposhuka kwenye lifti, Mama akagusa vichwa vyetu, "mmoja, wawili," akabonyeza kitufe palepale. Nilitamani ule mkono ubaki hewani kidogo. Nilikuwa nimemjua yule wa tatu kwa siku moja tu.

Yote yale hayapo tena. Kibali cha Papa kilikwisha, tukaja huku Johannesburg, tukapanga chumba Joubert Park kwenye jengo ambalo lifti yake ina kitufe cha nne ila haina mwendo. Jengo la rangi ya chai limebomolewa, amenieleza mtu wa kwetu aliyepita pale. Bibi jirani sijui, na kwa umri wake ni afadhali nisijue. Papa amezeeka, simulizi hii haipendi. Mama hatuhesabu tena, wala dada hamwiti kwa jina. Humwita "mama", humwita "wewe". Wateja wake wa kusuka nywele wanamwita Sisi, yaani dada kwa lugha za huku. Mimi namwita dada. Jina limebaki kwenye makaratasi ya serikali tu.

Na makaratasi lazima yahuishwe. Mwaka huu nilimsindikiza. Tulipanga foleni ofisi ya uhamiaji tangu alfajiri, tukaingia ukumbini, tukakaa kwenye mabenchi, tukala karanga. Kabla ya saa sita karani akaliita jina lake, jina lote, kwa matamshi ya Kizulu lakini sawasawa. Dada aliendelea kumenya karanga. Karani akaita tena. Nikamgusa kiwiko.

"Eish, wewe, unaitwa! Tutapoteza zamu."

Hakunigeukia. Alikuwa anaangalia mlango.

"Ngoja kwanza, yaya," akasema. "Labda yupo."

Ukumbi mzima ulikuwa unageuza shingo kumtafuta mwenye jina. Nami nikageuka.