Waliomtaka Radhi Dada Yangu

Nilikwenda Kisiwa Panza kurekebisha kosa langu mwenyewe. Majibu ya dada yangu Raya yalipotoka Dar es Salaam, nilimpigia simu mumewe, Hamad, nikamwambia uvimbe ulio kifuani ni saratani. Hapo simu ikakatika. Siku ya tatu nilipompata tena, alinijibu kwa upole wa mtu aliyekwishamaliza kulia: "Tumeshapokea, shemeji. Njoo tu."

Asubuhi, kwenye meli ya Mkoani, nilisoma tena ripoti pamoja na daftari langu. Mimi ni fundi umeme; haya nimejisomea mwenyewe, na nilimuuliza daktari kila nilipokwama. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, inayofundisha seli za kinga utotoni, kisha husinyaa. Uvimbe wake hupangwa kwa herufi: A, AB, B ya kwanza mpaka ya tatu, na mwisho saratani kali ya tezi. Herufi hueleza sura ya seli chini ya hadubini. Mbali na herufi kuna hatua: uvimbe ungali ndani ya ganda lake, umelitoboa, umeshika viungo jirani, au umesambaa. Ripoti ya Raya ilisema AB, na kwenye picha ganda lilionekana zima. Daktari alisema wagonjwa wa namna hii, wakipasuliwa mapema, wengi huishi miaka mingi. Ila hatua haijulikani kwa hakika mpaka uvimbe utolewe, na kila mwezi wa kungoja ni hatari.

Saa nane mchana nilikuwa pwani ya Chokocho, kutafuta boti ya kuvukia Panza. Mwenye boti aliniuliza nakwenda kwa nani.

"Kwa Bi Raya, mke wa Hamad."

"Kwa marehemu..." Akajirekebisha. "Kwa Bi Raya. Mie nilikwenda juzi kumtaka radhi. Kisiwa kizima kimekwenda."

Njia nzima hakunitazama tena.

Alasiri niliingia uani kwa dada. Mikeka ilikuwa imetandikwa, watu wamekaa kimya kama matangani, isipokuwa aliyeliliwa alikuwa amekaa katikati yao. Kope zake zilikuwa zimeanguka. Kidevu alikishikilia kwa mkono kisidondoke. Alipoitikia salamu yangu, sauti ilitoka puani, ikafifia kabla neno halijaisha.

"Asubuhi huwa mzima, anakuna nazi," Hamad alininong'oneza. "Ikifika saa hizi, kama kuna mtu anamzima."

Sababu niliijua. Uvimbe huu mara nyingine huifanya kinga ya mwili ishambulie pale neva inapokutana na msuli, na msuli huchoka kadiri siku inavyokwenda.

Nikasimama, nikawasomea ripoti, nikaeleza herufi na hatua. "Akienda kupasuliwa sasa," nikamaliza, "anaweza kupona."

Nilingoja alhamdulillahi. Haikuja. Mzee mmoja akakohoa. Kisha wakainuka mmoja mmoja, bila kuaga, mpaka mikeka ikabaki mitupu. Hamad ndiye aliyeuliza, uso umempauka: "Una hakika, shemeji?"

Kesho yake asubuhi Raya alikuwa na sauti kamili.

"Siendi," alisema. "Wote wamenitaka radhi, mdogo wangu, na nimewapa. Wamenambia mambo ambayo haambiwi mtu anayebaki. Bi Mize, jirani yangu huyu, ndiye aliyewaambia wakwe kuwa binti yangu ana kifafa, posa ikavunjika. Miaka yote hiyo tunaazimana chumvi! Nikirudi mzima, nitakaa nao vipi?"

"Na Hamad, naye alikutaka radhi?"

Akautazama mlango. "Na Hamad."

Nikamweleza tena habari ya ganda. Akasema ameelewa tangu jana, nisimfanye mtoto.

Saa tatu hodi ilipigwa. Alikuwa Bi Mize, ameshika mlango kama anayejiandaa kukimbia.

"Nasikia hutaki kwenda, shoga."

"Ulinambia kwa kuwa nakufa."

"Ndiyo. Ungekuwa hufi nisingesema, wallahi."

"Basi si bora nife, upumzike?"

"Hasha! Nenda ukatibiwe, urudi unitukane. Sasa hivi utanitukana vipi? Ikifika alasiri hata kope huwezi kuinua!"

Raya akacheka. Lakini hata asubuhi ile misuli ya mashavu haikumfuata. Mdomo ulinyanyuka katikati tu, meno yakatoka, macho yakabaki mazito. Bi Mize akarudi nyuma, akajigonga kwenye kiti.

"A'udhubillahi! Usicheke, mwanamke, unanitisha!"

Raya akacheka zaidi, machozi yakimtoka. Kisha akaniambia nimtafutie mkoba.

Dar es Salaam walimpa kwanza vidonge vya kuimarisha misuli, wiki kadhaa, kisha wakampasua kifua. Uvimbe ulitoka wote. Ulikuwa umepenya ganda na kugusa mafuta yanayouzunguka: AB, hatua ya pili. Daktari alisema matarajio ni mazuri, ila apimwe kila mwaka, kwa kuwa uvimbe huu huweza kurudi hata baada ya muda mrefu.

Mwezi wa nne baada ya kuondoka tulirudi Panza, alasiri, Raya macho wazi. Njiani watu walituona kwa mbali, wakaingia ndani. Milango ikafungwa polepole, mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Nilikuwa nimejifunza kusoma herufi na hatua. Sikujua kwamba mtu aliyepona anaweza kuogopwa kuliko maiti. Hamad alitupokea mizigo, macho ameyainamisha chini.

Bi Mize peke yake ndiye aliyetoka barabarani. Akasimama mbele ya dada, mikono pembeni.

"Haya, tukana."

Raya akamtazama kwa muda mrefu, bila kupepesa.

"Usinihimize," akasema. "Nina miaka mbele yangu."